Inveta kwenye boti ya zamani: inaangusha breka ya gati, na nangani inajizima. Nianzie wapi?

Nahodha_Mtwapa

Wakuu, heshima kwenu, hasa mafundi wa umeme wa vyombo vya baharini mlio humu.

Natunza boti ya injini ya futi 42 iliyofungwa kwenye boya hapa Mtwapa Creek. Iliundwa Taiwan miaka ya 1980 kwa ajili ya soko la Marekani, kama zilivyoundwa nyingi za aina yake wakati huo, kwa hiyo ilitoka kiwandani na umeme wa volti 120 na hezi 60. Mwenye boti aliyetangulia aliigeuza ifuate umeme wa kwetu wa volti 240 na hezi 50. Jenereta ilibadilishwa, hita ya maji na friza vikabadilishwa, na ikafungwa inveta ya wati 2,000 (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa volti 240) yenye chaja ndani yake, inayokula betri za volti 12. Nyaya zilizopita ndani ya kuta, hata hivyo, ni zilezile za tangu mwanzo, nyeusi, nyeupe na kijani, na breka nyingi za kwenye paneli ni za zamani. Mchoro wa nyaya haukuachwa.

Matatizo ni haya. Kwanza, nikiileta boti gatini na kuchomeka waya wa nchi kavu wakati inveta inafanya kazi, breka ya uvujaji ya gati, ile inayojikata umeme ukivujia ardhini, ambayo ni ya miliampea 30, inajikata papo hapo. Nikiizima inveta kabla ya kuchomeka, mara nyingi breka inashika, na kwa jenereta hakuna tatizo lolote. Pili, tukiwa nangani, birika la umeme likiwashwa inveta inalia kisha inajizima, ingawa kabla ya hapo betri zinaonyesha volti 12.6. Tatu, usiku tukiwa nangani nasikia mngurumo mdogo kutoka kwa chaja kuukuu iliyo karibu na injini, na asubuhi betri zimekwisha nguvu hata kama tuliacha taa chache na friza peke yake.

Fundi mmoja wa nyumba ameniambia tiba ya tatizo la kwanza ni kuukata waya wa ardhi kwenye plagi, na tiba ya la pili ni kununua inveta kubwa zaidi. Kabla sijampelekea mwenye boti bei ya inveta mpya, ningependa kusikia kutoka kwenu. Boti itapandishwa nchi kavu msimu huu wa kusi, kwa hiyo nafasi ya kufungua paneli na sakafu ninayo, na lengo ni iwe tayari kabla kaskazi haijaanza na wavuvi wa samaki wakubwa hawajaanza kuikodi.

FundiKigamboni

Nahodha, umeeleza kwa utaratibu, na hiyo sentensi yako ya kuizima inveta kabla ya kuchomeka ina thamani kuliko vipimo vingi. Inveta mpya usinunue kwanza. Dalili zako tatu zina vyanzo vitatu mbalimbali, na hakuna hata kimoja ambacho inveta kubwa zaidi ingekiondoa. Ingefungwa kwenye nyaya zilezile na ingekuonyesha yaleyale, pengine kwa ukali zaidi.

Tuanze na breka ya gati. Kwenye chombo cha baharini, nyutro (waya wa kurudishia umeme) na waya wa ardhi hukutanishwa mahali pamoja tu, yaani kwenye chanzo cha umeme unaotumika kwa wakati huo. Ukiwa umechomeka gatini, chanzo kiko nchi kavu na muungano huo uko huko, kwa hiyo ndani ya boti nyutro na ardhi hazitakiwi kugusana popote. Ukiwa kwenye jenereta, muungano uko kwenye jenereta. Ukiwa kwenye inveta, muungano uko ndani ya inveta, kwa njia ya rilei, yaani swichi inayojiendesha yenyewe, inayoishikanisha nyutro ya kutokea na ardhi wakati umeme unatoka kwenye betri, kisha kuiachanisha pale inveta inapopokea umeme wa nje na kuupitisha.

Rilei hiyo haiachanishi mara tu unapochomeka. Inveta huukagua kwanza umeme wa nje kwa sekunde kadhaa, ikiangalia volti na hezi, ndipo ihamie huko. Katika sekunde hizo bado inakula betri, na nyutro yake bado imeshikana na ardhi. Sasa, kama aliyeifunga alizirudisha nyutro zote za boti kwenye upau mmoja (kipande cha shaba cha kufungia nyaya) nyuma ya paneli, zile zinazolishwa na inveta pamoja na zile zinazolishwa moja kwa moja na gati, basi nyutro ya gati inapata mlango wa kwenda ardhini ndani ya boti yako. Sehemu ya umeme unaorudi inapita kwenye waya wa ardhi. Breka ya uvujaji kazi yake ni kulinganisha kinachokwenda kwa laivu na kinachorudi kwa nyutro. Inaona pengo, inajikata. Inveta ikiwa imezimwa, rilei haijashikanisha kitu, na breka inashika. Kwa jenereta huoni tatizo kwa sababu huko hakuna breka ya uvujaji ya kulalamika.

Dawa yake ni kuwa na pau mbili za nyutro. Upau wa kwanza ni wa vyombo vinavyolishwa na gati au jenereta peke yake, kama hita ya maji, na upau wa pili ni wa vyombo vinavyolishwa na inveta, nao uunganishwe na nyutro ya kutokea ya inveta na si kitu kingine. Kuhakikisha, chomoa waya wa gati, zima jenereta, tenga betri za inveta, subiri dakika kadhaa kapasita za ndani ziishiwe, kisha toa nyutro ya kuingia na ya kutokea kwenye inveta. Pima kwa mita kati ya pau mbili hizo, halafu kati ya kila upau na waya wa ardhi. Vyote viwe wazi kabisa. Ukipata njia kati ya nyutro na ardhi hata baada ya inveta kutengwa, funga breka moja moja na utoe nyutro moja moja mpaka umpate mwenye kosa, na wa kwanza kumshuku ni elementi ya hita ya maji iliyopasuka. Angalia pia swichi ya kuchagua gati au jenereta. Ni lazima ikate laivu na nyutro pamoja, na iwe na nafasi ya katikati ambapo vyote viwili vimekatwa. Swichi inayokata laivu peke yake huacha muungano wa jenereta umeshikana na nyutro ya gati, na utapata ugonjwa huohuo kwa njia nyingine.

Kuukata waya wa ardhi, hapana. Breka itanyamaza kweli, lakini siku elementi ya hita itakapogusana na ganda lake, ganda hilo, bomba, injini, shafti na kila chuma kilichounganishwa navyo vitakuwa na umeme, na huenda kisijikate kitu mpaka mtu avishike. Fundi anayetoa ushauri huo, hata akiwa hodari kwenye majumba, asiguse boti.

Sasa birika. Hapa hesabu ndiyo inayosema. Birika la wati 1,800, ukiweka hasara za inveta yenyewe, linadai kama wati 2,000 kutoka kwenye betri. Kwa volti 12 hizo ni ampea 167, na kadiri volti zinavyoshuka ampea zinapanda, kwa kuwa inveta inajitahidi kutoa wati zilezile. Ampea kama hizo hazisamehe kitu. Waya wa shaba wa milimita za mraba 35 una ukinzani wa takribani nusu miliomu kwa kila mita. Ikiwa betri ziko tezi, yaani nyuma ya boti, na inveta iko chini ya sebule, tuseme mita tano, basi kwenda na kurudi ni mita kumi, miliomu tano, na volti zaidi ya 0.8 zimepotea njiani kabla hujahesabu kiungo hata kimoja. Betri yenyewe ikibebeshwa mzigo huo haibaki kwenye 12.6, inashuka karibu na 12 au chini yake. Inveta nyingi za volti 12 hujizima zikifika kama 10.5. Unaona jinsi nafasi iliyobaki ilivyo ndogo.

Ile 12.6 uliyoisoma ni ya betri iliyopumzika, na haikwambii lolote juu ya njia. Pima mzigo ukiwa unatembea. Mtu mmoja awashe birika, wewe uweke ncha moja ya mita juu ya kichwa chenyewe cha risasi cha betri, si juu ya kibanio wala lagi (kichwa cha shaba kinachobanwa mwisho wa waya), na ncha ya pili kwenye skrubu ya chanya ya inveta. Mita iwe kwenye volti za betri. Chochote utakachosoma hapo ni volti zilizopotea upande wa chanya. Kisha sogea hatua kwa hatua: kichwa cha betri na lagi yake, upande huu na upande ule wa fyuzi, upande huu na ule wa swichi kuu. Rudia yote kwa upande wa hasi, ambao karibu kila mtu anausahau. Kiungo kinachopoteza volti 0.3 kwa ampea 167 kinageuza wati 50 kuwa joto mahali pamoja, sawasawa na pasi ya kuyeyushia risasi iliyoachwa imewashwa nyuma ya mbao zako. Kwenye boti za umri huo mimi huanza na swichi kuu ya betri na pale hasi inapofungwa kwenye injini.

Tatizo la tatu ni jepesi. Chaja kuukuu inalishwa na paneli iliyo upande wa inveta. Usiku inveta inachukua umeme wa betri, inaugeuza, inampa chaja, naye anaurudisha kwenye betri zilezile, na kila hatua inakula sehemu yake. Kwa kuwa inveta yako ina chaja ndani, ile kuukuu iondoe, au ihamishie breka yake upande wa gati.

MwanaShela

Asante, Fundi, umeyaweka wazi. Naongeza jambo moja ambalo Nahodha asipolijua linaweza kumdhuru kabla hata hajafika kwenye hizo pau, nalo ni rangi za nyaya.

Kwenye boti iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani, waya mweusi wa umeme mkubwa ni laivu, mweupe ni nyutro, kijani ni ardhi. Fundi wa kwetu aliyejifunza kwenye majumba ya zamani yaliyofuata utaratibu wa Kiingereza, ambako nyekundu ilikuwa laivu na nyeusi nyutro, anapofungua paneli hiyo na kuona waya mweusi, mkono wake unamwambia huu ni mtulivu. Si mtulivu hata kidogo. Na wale waliojifunza kwa rangi za sasa za kahawia na buluu hawakuti hata moja wanayoijua, kwa hiyo wanabahatisha.

Ugumu hauishii hapo. Kwenye boti hizohizo za Kimarekani, waya mweusi ulitumika pia kuwa hasi ya umeme wa betri. Baraza la viwango vya boti la Marekani, ABYC, siku hizi linapendelea hasi iwe ya manjano, na sababu ni mkanganyiko huohuo. Boti yako ni ya kabla ya mazoea hayo kuenea. Nyuma ya paneli moja unaweza kukuta waya mweusi wa volti 12 na waya mweusi wa volti 240 vimelala bega kwa bega, vya unene mmoja, vimefungwa kwa kamba ileile. Nimewahi kufungua paneli ya boti ya watalii hapa Lamu ambamo mtu alikuwa amevuta hasi ya redio kutoka kwenye fungu hilo, na kilichomwokoa ni kwamba aliuchagua ule wa betri kwa bahati tu.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa, tenga umeme wote, na neno wote lina maana ya gati, jenereta na betri za inveta pamoja, kwa sababu inveta iliyounganishwa na betri inaweza kuwasha paneli hata boti ikiwa juu ya magogo katikati ya kiwanja. Hakikisha kwa mita, na ijaribu mita yenyewe kwanza mahali unapojua pana umeme. Ufuate kila waya kutoka kwenye breka hadi kwenye chombo, uuvishe lebo pande zote mbili, na uchore. Kazi hiyo inachosha, lakini mwishoni utakuwa na mchoro ambao boti haijawahi kuwa nao. Gharama za lebo mpelekee mwenye boti bila aibu.

Soma pia maandishi yaliyo kwenye breka zenyewe. Breka iliyoandikwa volti 120 peke yake haikuundwa kuukata umeme wa volti 240, na siku ya hitilafu inaweza kushindwa. Zisizo na maandishi ya 240 zote zibadilishwe.

Bin_Creek

Salaam kutoka Dubai. Mimi nashughulika na boti kubwa zaidi kidogo, na kwa maoni yangu mnamwongoza Nahodha kupiga viraka. Inveta ya wati 2,000 kwa volti 12 ni ndoa ngumu tangu mwanzo. Boti iko nchi kavu, sakafu itafunguliwa, kwa nini asihamie volti 24? Ampea zinapungua kwa nusu, na kwa waya uleule hasara ya njiani inakuwa robo. Nyaya za milimita 35 alizonazo zitatosha, na viungo vitapumua.

FundiKigamboni

Ndugu yangu Bin Creek, hesabu yako ni sahihi na kwa boti mpya ningekubaliana nawe bila kubisha. Kwa boti hii sikubali. Pampu za ngama (za kutoa maji yanayokusanyika chini ya boti), pampu ya maji matamu, taa za safari, redio na kifaa cha kuangalia kina, vyote ni vya volti 12, na vitahitaji kigeuzi cha kushusha kutoka 24, ambacho kikifa usiku, pampu ya ngama inakufa nacho isipokuwa uiachie betri yake. Gharama inapanda, na vitu vya kuharibika vinaongezeka. Njia fupi zaidi ni kuisogeza inveta karibu na betri. Mita mbili badala ya tano, waya wa milimita 70 badala ya 35, na zile volti 0.8 za njiani zinakuwa chini ya 0.2. Umeme wa volti 240 unaotoka kwenye inveta ndio usafiri mbali, kwa sababu birika lilelile kwa volti 240 ni ampea saba na nusu tu, na waya mwembamba unazibeba bila shida.

Asiiweke hata hivyo ndani ya chumba cha injini penye joto, wala juu ya betri zinazotoa hewa, na kama injini zingekuwa za petroli ningemkataza kabisa kuisogeza huko.

Nahodha_Mtwapa

Wakuu, nimerudi na majibu, na kwanza nawashukuru nyote.

Kuhusu nyutro, mambo yalikuwa kama alivyosema Fundi. Nyuma ya paneli kulikuwa na upau mmoja wa shaba, na nyaya nyeupe zote zimerundikwa hapo, pamoja na nyutro ya kutokea ya inveta. Nimefunga upau wa pili, nikahamisha nyaya za soketi, maikrowevu na friza, na kuacha hita ya maji kwenye upau wa kwanza. Mita sasa inaonyesha wazi kati ya pau hizo mbili na kati ya kila moja na ardhi. Tulivuta waya kutoka kwenye soketi ya kiwanja, nayo ina breka ya uvujaji, tukachomeka inveta ikiwa imewashwa, breka ikashika. Swichi ya kuchagua jenereta inakata laivu na nyutro, nimeihakikisha. Breka nne zilizoandikwa 120 zimeondolewa.

Rangi zilinishangaza. Nimekuta pia nyaya za kahawia na buluu ambazo aliyeigeuza boti alizitumia kwa friza na inveta, zimeungwa katikati ya njia na nyeusi na nyeupe za zamani, kwa kusokotwa na kufungwa tepu. Viungo hivyo vyote nimevitoa.

Sasa vipimo vya birika, kabla sijabadilisha kitu. Kwenye vichwa vya betri volti 11.9, kwenye skrubu za inveta 10.3. Pengo hilo la volti 1.6 linagawanyika hivi: waya wenyewe, chanya na hasi kwa pamoja, 0.9, swichi kuu ya betri 0.3, na 0.4 upande wa hasi, kwa sababu hasi ya inveta haikwenda kwenye betri kabisa. Ilifungwa kwa boliti kwenye injini ya kushoto, ikategemea waya wa injini kurudi tezi. Boliti hiyo ilikuwa na rangi chini yake. Nilipokata lagi ya waya huo, shaba ndani ilikuwa nyeusi kwa kadiri ya kiganja cha mkono, haina ule weupe wa bati, ikabidi niendelee kukata mpaka nikafika penye shaba inayong'aa.

Maswali yangu mawili yaliyobaki. Fyuzi iliyokuwapo iko kando ya inveta, si kando ya betri, je, niiache? Na la pili, zinki za shafti, vile vipande vinavyoliwa badala ya chuma nyingine zilizo majini, zinaliwa haraka mno kila boti inapokaa gatini kwa muda mrefu, lakini kwenye boya hazina tatizo hilo. Je, ni sehemu ya ugonjwa huu?

FundiKigamboni

Fyuzi ihame. Inveta ina ulinzi wake ndani, na fyuzi kazi yake ni kuulinda waya dhidi ya betri, kwa hiyo inakaa mwanzo wa waya. ABYC wanataka isizidi inchi 7 kutoka kwenye betri, na wanaruhusu umbali mkubwa zaidi ikiwa waya umefungwa moja kwa moja kwenye kichwa cha betri na kuvikwa ganda la kuukinga. Ukubwa wake ufuate kitabu cha inveta na unene wa waya mpya, na uchague aina inayoweza kukata ampea elfu kadhaa kwa wakati mmoja, kwa sababu benki ya betri ikipigwa shoti ndizo inazotoa, na fyuzi nyepesi za magari huyeyuka na kuacha cheche inaendelea kuruka.

Hasi ya inveta iende kwenye upau mkuu wa hasi kwa waya wa unene uleule wa chanya. Ganda la inveta nalo lina skrubu yake ya ardhi, na usiifunge kwa kawaya kembamba: isipungue daraja moja chini ya unene wa waya wa chanya, kwa kuwa chanya ikigusa ganda, waya huo ndio utakaobeba ampea zote mpaka fyuzi ikatike. Tumia waya wa baharini uliopakwa bati kila uzi. Lagi zibanwe kwa koleo lake halisi, si kwa nyundo, kisha zivishwe bomba la kusinyaa lenye gundi ndani. Kabla ya kumaliza, tenganisha betri zote, ziache zipumzike, na uzipime moja moja. Mkiwa na moja iliyokufa ndani ya kundi, itazivuta nyingine na utarudi hapa ukilaumu waya mpya.

MwanaShela

La zinki nijibu mimi. Lina uhusiano na waya wa ardhi, ingawa si ugonjwa uleule wa nyutro. Ukichomeka gatini, waya wa ardhi unaziunganisha chuma zako za chini ya maji na chuma za boti nyingine zote zilizochomeka hapo, na nguzo za gati zenyewe. Ndani ya maji ya chumvi mnakuwa betri moja kubwa, na zinki zako zinalinda hata mali za majirani. Kwenye boya hakuna waya, kwa hiyo hakuna tatizo.

Hapa ndipo wengi wanapokimbilia kuukata waya wa ardhi, na zipo njia mbili zisizo na hatari hiyo. Ya bei nafuu ni kizuizi chenye dayodi, kinachofungwa kwenye waya wa ardhi mara tu unapoingia botini. Kina dayodi mbili mfululizo kwa kila upande, zinazozuia umeme mdogo wa kama volti 1.2, ambao ndio unaokula zinki, lakini hitilafu ya volti 240 ikitokea zinaupitisha wote na breka inajikata kama kawaida. Nunua chenye uwezo usiopungua ampea za soketi ya gati, na kipimwe kila mwaka, kwa kuwa dayodi ikikatika umepoteza ardhi bila kujua. Njia ya pili ni transfoma ya kutenganisha, ambapo umeme wa gati unaishia kwenye koili ya kwanza, na boti inaanza umeme wake upya kwenye koili ya pili, pamoja na muungano wake wa nyutro na ardhi. Ni nzito na ni ghali. Ukiipata ya mtumba kutoka kwenye boti ya Kimarekani, soma kibao chake kabla ya kulipa: iliyoundwa kwa hezi 60 peke yake, ukiilisha volti zilezile kwa hezi 50, kiini chake kinashiba sumaku na inachemka hata bila mzigo.

Kwa boti inayokaa boyani sehemu kubwa ya mwaka, mimi ningefunga kizuizi cha dayodi, na fedha za transfoma ningezitia kwenye betri.